Kadi ya Binti wa Daktari

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Uamuzi umefikiwa. Nitaunda kompyuta. Si kununua. Kuunda! Anayenunua kompyuta iliyokwisha fungwa ni sawa na anayekunywa kahawa iliyotiwa sukari na mtu mwingine.

Sababu ni Ghazwan, kaka wa mke wangu. Jana mezani kwa mama mkwe alitangaza kwamba filamu ya harusi ya bintiye Lamis ataipeleka studio Beirut. Ile filamu ya kuonyeshwa ukumbini, picha za bibi harusi tangu yumo mbelekoni hadi siku ya uchumba. Alitangaza huku ananitazama mimi. Watu wote Saida wanajua kwamba kazi yangu ni kuuza mapazia lakini kipaji changu ni filamu. Ghazwan tu ndiye hajui.

Kabla sijameza saladi ya tabule iliyokuwa mdomoni, Raghida, mke wangu, akaweka kijiko chini. Akasema mbele ya ukoo mzima kwamba filamu ya Lamis itatengenezwa na Wajih, na kwamba yeye anatoa neno lake. Ghazwan akasema haya dada, neno lako basi. Kisha akamwuliza mama yake kama kompyuta ya shemeji bado inatumia kuni.

Sijawahi kutetewa namna ile. Nilitaka kulia. Nikachukua kubba nyingine, kitonge cha nyama.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kompyuta yangu, nakiri, ukiiagiza itengeneze filamu ya dakika tano unaweza kwenda Tiro, ukala samaki, ukarudi, ukaikuta bado inafikiri. Kwa hiyo naunda. Raghida amenipa akiba yake ya kutengenezea jino. Nimemwambia atapata jino na mume maarufu.

Jumanne, 6 Septemba

Leo duka la kompyuta, kwa Nizar. Kijana mpole, mbishi.

Siri ya kupata nguvu nyingi kwa bei ndogo ni kuwaacha wajinga wanunue vipya. Nimechukua prosesa ya kizazi kilichopita, ubao mkuu uliorudishwa na mteja (Nizar anasema alirudisha kwa sababu ya rangi), na kumbukumbu mbili zisizofanana lakini zinazoelewana. Diski sinunui. Nitang'oa ya kompyuta ya zamani, maana picha zote ambazo Lamis alinitumia kwa simu zimo humo. Gamba la kompyuta ya zamani nimeshalipatia mnunuzi, muuza juisi wa pale kona. Hapo ndipo utakapoona akili.

Nizar akang'ang'ania kwamba kitu cha kutofanyia ubahili ni sanduku la umeme, lile linalolisha viungo vyote. Akaleta moja la bei ya kutisha. Nikajua papo hapo anapata chochote kwa kila moja analouza. Nikamwambia nitatafuta mwenyewe. Akaniuliza nyumbani nina ampea ngapi za umeme wa jenereta la mtaa. Nikamwambia hayo ni mambo ya familia.

Jumatano, 7 Septemba

Nimepata sanduku la umeme sokoni, kwenye meza ya vitu mchanganyiko, katikati ya hita na viatu vya mpira. Yalikuwepo mawili. Bila chapa. Yanafanana kama pacha.

Kila fundi anajua: sanduku zuri ni zito, kwa sababu shaba ni nzito. Nikayapeleka yote mawili kwa muuza mboga wa jirani nikaomba mizani. Akaondoa bilinganya. La kwanza jepesi. La pili likaikalisha mizani chini kabisa! Muuza mboga mwenyewe akasema lo, hili lina kitu ndani. Nikachukua la pili. Bei ilikuwa robo ya ile ya Nizar.

Nimelibeba hadi ghorofa ya sita, maana lifti inatembea umeme wa serikali ukiwepo tu, na haukuwepo. Mgongo unauma. Huo ndio uchungu wa kitu bora.

Alhamisi, 8 Septemba

Kadi ya picha! Nimeipata! Moyo wa mashine yote, ndiyo inayochora kila kitu kwenye skrini. Dukani kitu kama hiki kingemaliza jino la Raghida na meno ya majirani zake.

Nilikutana na muuzaji kwenye kituo cha mafuta barabara ya kwenda milimani. Jamaa mwenye pikapu na miwani ya jua. Alisema kadi ilikuwa ya binti wa daktari, msichana mtulivu, aliitumia kuchora maua tu. Niliuliza mbona ina vumbi jeusi na harufu ya dizeli. Akasema binti alikuwa anachora barazani. Niliuliza mbona imebandikwa karatasi yenye namba 37. Akanitazama kwa huruma akasema hiyo ni alama ya ubora.

Raghida ameuliza kama si zile kadi wanazopanga mia mia kwenye mabanda huko milimani, zikichimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana mpaka ziungue. Nimemwambia wanawake wana tabia ya kuharibu furaha. Alikuwa ameshika shavu, jino.

Ijumaa, 9 Septemba

USHINDI!

Nilifunga kila kitu asubuhi juu ya meza ya chakula. Skrubu tatu zimebaki, hazina kwao. Nikamwita Ghazwan apande kutoka ghorofa yake ya nne aje ashuhudie. Alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi, kama mtu aliyekuja kutazama ajali.

Na hapo, bila kuombwa, umeme wa serikali ukaja! Jengo zima likapiga kelele. Mashine za kufulia zikaanza kunguruma kila ghorofa. Nikabonyeza kitufe. Feni saba zikazunguka kwa pamoja, taa nyekundu na buluu, pazia likapepea. Nikaweka picha ya Lamis akiwa na umri wa miaka minne, amebeba tikiti maji, nikaiagiza mashine imnyeshee mawaridi polepole. Yakanyesha! Waridi mojamoja, lenye kivuli chake!

Ghazwan aliweka kikombe chini. Halafu akasema mashallah, shemeji, inavuma kama ndege, natumaini itapaa. Lakini niliona amemeza mate. Raghida alisimama mlangoni anatabasamu kwa upande usiouma. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumapili, 11 Septemba

Dosari ndogo.

Umeme wa serikali uliondoka Ijumaa ile ile na haujarudi. Tuko kwenye jenereta la mtaa, la Abu Shauki. Nyumba yetu imelipiwa ampea tano. Sikuwahi kuzitilia maanani. Ni kitu unaishi nacho: anayetaka kuwasha pasi anapiga kelele "Nawasha pasi!" na mwingine anazima kitu. Ndivyo tunavyoishi. Ndoa zote za jengo hili zimejengwa juu ya kelele hizo.

Nikawasha kompyuta. Nikaiagiza mawaridi. Tap! Giza. Breka yetu imejikata.

Breka za jengo zima ziko kwenye sanduku la chuma mlangoni chini. Ghorofa sita. Nikashuka, nikapandisha breka, nikapanda. Mawaridi. Tap! Nikashuka. Mara hii Abu Shauki alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake cha plastiki, anamenya tini. Akaniuliza, ustadhi, mmenunua nini huko juu, kinu cha saruji? Nikasema ni vifaa vya kazi. Akasema vifaa vyako vinafanya jenereta langu likohoe.

Niliomba aniongezee ampea mpaka harusi. Akasema jenereta limejaa, hana hata moja ya kumpa mama yake. Kumi anazo Ghazwan kwa sababu alijiandikisha mapema.

Ghazwan tulipishana ngazini. Alisema tu, kana kwamba anazungumza na ukuta, "Sisi tuna kumi."

Jumatatu, 12 Septemba

Nimetangaza utawala mpya wa nyumba. Kompyuta ikiwa inafanya kazi hakuna pasi, hakuna hita ya maji, hakuna feni, hakuna televisheni. Mama mkwe, Hajati Itidal, ambaye amehamia kwetu kwa maandalizi ya harusi, amesema yeye alivumilia vita miaka kumi na mitano lakini tamthilia yake haikuwahi kuzimwa na mkwe.

Nimemweleza kwa upole kuhusu mawaridi. Akasema mtoto wa watu anaolewa, hazikwi, maua yote hayo ya nini.

Tumeoga maji baridi. Mashine imeshika mawaridi dakika mbili nzima, kisha friza likaamka. Tap! Nimeshuka. Abu Shauki sasa ananihesabia kwa sauti, na watoto wa jengo wanaitikia.

Friza! Kumbe adui yumo ndani. Lile limetulia, unasahau kuwa lipo, halafu linashtuka na kubugia umeme kama mgeni aliyelala njaa.

Jumanne, 13 Septemba

Friza letu ndilo kubwa kuliko yote katika ukoo. Kwa hiyo Hajati, Raghida na mashangazi wametumia siku mbili kutengeneza kubba za karamu ya mkesha wa harusi, moja moja kwa mkono, nyama na njugu za msonobari ndani, na zote zimelala humo. Mia tatu. Hajati amenikataza hata kufungua mlango kuangalia. Amesema pumzi yangu ina joto.

Ninawaza.

Jumatano, 14 Septemba

Wanawake wote wamekwenda kwa fundi kujaribu magauni. Nyumba ni yangu.

Nimefanya hesabu ya kisayansi. Kitu kilichoganda ni kigumu, na kigumu hakiyeyuki kwa saa moja. Nimechomoa friza. Saa moja tu! Nimelifunika blanketi la sufu ili baridi isitoke.

Maajabu! Breka imetulia. Mashine imepaa. Nimemnyeshea Lamis mawaridi akiwa na tikiti maji, akiwa shuleni, akiwa na baiskeli, akiwa amekasirika. Nimeongeza njiwa. Njiwa wanaruka kutoka kwenye pete ya uchumba na kuandika jina lake angani. Nilitokwa machozi. Raghida akiliona hili, nilijiambia, atasahau jino.

Waliporudi nilizima haraka na kutandika uso wa mtu aliyekuwa analala. Hawajajua kitu. Nguvu, thamani na utulivu wa nyumba, vyote kwa pamoja.

Alhamisi, 15 Septemba

Nilisahau kurudisha plagi.

Hajati ndiye aliyegundua. Alikanyaga maji jikoni asubuhi, akafikiri bomba limepasuka. Akafuata maji. Akaona blanketi. Akalifunua taratibu, kama polisi.

Sitaandika yote aliyosema. Kwa ufupi: kwamba nimeziua kubba mia tatu ili kompyuta ipumue. Kwamba baba yake marehemu alimwonya kuhusu wanaume wanaopenda nyaya. Na kwamba blanketi lilikuwa la mahari yake.

Mashangazi wakagusa, wakanusa, wakakata shauri. Bado nzuri, lakini hazifiki jioni. Zikaangwe zote, sasa hivi, zigawiwe. Jengo zima likanuka vizuri. Nilitumwa kupeleka sahani kila ghorofa, na kwa kuwa nilikatazwa kueleza sababu, nilisema ni za harusi ya Lamis. Majirani wakafurahi kupita kiasi. Wakasema huyu Ghazwan ana mkono wa kutoa! Haujafika hata mkesha, analisha watu! Abu Shauki alikula kumi na moja, akamtumia Ghazwan salamu na ampea mbili za zawadi.

Ampea mbili. Zilizokuwa hazipo hata kwa mama yake.

Raghida hakunigombeza. Alikaanga mpaka mwisho, akanawa mikono, akaja kukaa karibu nami kwenye ngazi. Akaniuliza jambo moja tu: filamu itakuwepo? Nikasema itakuwepo. Akasema, "Wajih, mimi nilisema mbele ya watu." Nikasema najua.

Ijumaa, 16 Septemba

Lakini tazama upande mzuri. Friza sasa ni tupu na limezimwa kwa haki. Hakuna tena kinachonizuia. Nimeiagiza mashine filamu nzima, kwa ubora wa juu kabisa, mawaridi, njiwa, na theluji niliyoongeza asubuhi. Kadi namba 37 iliguna. Prosesa ikapanda joto. Feni zikalia. Ilifika asilimia tisini na sita!

Halafu mlio kama mtu kavunja bilauri. Harufu. Moshi mwembamba ukatoka nyuma, wa kijivu, bila haraka.

Sanduku la umeme limekufa. Nimelifungua kwa bisibisi. Ndani: waya mbili tatu, shaba kiasi cha kutengenezea hereni, na kipande cha kigae cha sakafu, kimegandishwa kwa gundi. Kigae cha maua. Kizuri.

Lilipokufa halikwenda peke yake. Limeichoma diski. Picha zote, njiwa wote. Nilimkimbilia muuza juisi nirudishiwe kompyuta ya zamani, ingawa sijui ingenisaidia nini bila diski. Ameshaweka karafuu ndani ya gamba lake.

Nimemwambia Raghida. Nilitarajia kelele. Alikaa kitandani, akatazama sakafu, akasema Ghazwan atacheka mpaka siku ya arubaini yake. Kisha akalia kidogo, bila sauti. Nimeoa miaka kumi na tisa na kulia huko sikuzoei.

Jumamosi, 17 Septemba

Harusi.

Raghida aliondoka asubuhi kwenda saluni kwa bibi harusi. Mimi nilivaa suti nikapanga maneno. Nilikuwa na sababu nne, zote zikianzia kwa Abu Shauki.

Ukumbini niliketi karibu na mlango. Ngoma zikaingia, maharusi wakaingia, Ghazwan akacheza kama mtu aliyelipia ukumbi. Kisha mshereheshaji akasema sasa filamu. Nikainuka. Nikaona ukuta mkubwa unawaka.

Lamis, miaka minne, na tikiti maji. Lamis na baiskeli. Lamis amelala kwenye bega la baba yake kwenye basi, mdomo wazi wote wawili. Sauti ya bibi yake ikisema kitu na kila mtu akicheka nyuma yake. Bila mawaridi. Bila njiwa. Dakika nne. Ghazwan alikaa chini kwenye ngazi ya jukwaa akafunika uso kwa mikono, na mabega yakatikisika.

Lamis akachukua kipaza sauti, na shela lake lote, akasema filamu hii imetengenezwa na ami Wajih, mume wa shangazi Raghida, na asante, ami. Watu wakapiga vigelegele. Sikuelewa. Raghida alikuwa upande wa pili wa ukumbi, hakupiga makofi, alikuwa ananitazama. Baadaye alinieleza, mdomo karibu na sikio langu kwa sababu ya muziki: alimwambia Lamis ukweli wote, na Lamis aliitengeneza kwenye simu yake, saluni, nywele zikiwa ndani ya kikausha nywele. Lamis alisema shangazi yangu hasemi uongo mbele ya baba yangu.

Ghazwan alinikumbatia mbele ya watu. Alikuwa amelowa machozi hadi kwenye tai. Akasema shemeji, nilikudharau, nisamehe. Akanibusu mara tatu. Niliona aibu ya kutaka kuingia chini ya meza. Raghida alinibana mkono mpaka pete ikaniuma, na nilijua maana yake: usiseme neno. Sikusema. Nilitazama jino lake likimuuma kila anapocheka na nikaapa moyoni kwamba kompyuta basi. Basi! Jumatatu naanza kuweka akiba ya jino.

Jumatatu, 19 Septemba

Mambo yamebadilika.

Familia mbili zilizokuwepo harusini zimepiga simu dukani kwangu. Zinataka filamu kama ile. Moja ina bibi harusi mwenye ndugu tisa. Nilitaka kukataa. Nikasikia mdomo wangu unasema hakuna shida.

Nimeitazama upya hali yote kwa utulivu. Filamu ya Lamis ilipendwa, lakini kiufundi ilikuwa dhaifu, haikuwa hata na waridi moja. Hebu fikiria wangeona yangu! Kosa halikuwa la mashine. Kosa la kwanza, sanduku la umeme halikuwa zito vya kutosha. Muuza mboga amekubali kunipa mizani tena Jumatano. Kosa la pili, nguvu ya kadi moja haitoshi. Zinatakiwa mbili.

Na hapa lazima niamini kwamba kuna anayenipenda huko juu, kwa sababu leo mchana amepiga simu yule jamaa wa pikapu. Binti wa daktari anauza kadi nyingine. Hali nzuri sana, ya maua tu. Nikauliza kama ina alama ya ubora. Akasema inayo. Namba 38.

Ameniwekea mpaka Alhamisi. Fedha ninajua zitatoka wapi, na ampea pia, kwa mpigo mmoja. Raghida amenikuta jikoni na futi ya mapazia, napima friza urefu na upana kwa ajili ya mnunuzi. Akauliza nafanya nini. Nimemwambia namshonea Hajati blanketi jipya la kulifunika.